Masharti ya viwanja yaliyokufa hayarudi kwa tangazo la kamati

Kuna kauli inayorudiwa sana siku hizi na wenye viwanja wa Manispaa ya Kigoma Ujiji: "Turudishe yale masharti yetu." Wanaoisema ni watu waliojenga zamani, viwanja vikiwa bado vichaka na bikoni, yaani alama za mipaka, zikionekana kwa macho. Walikaa kikao, wakakubaliana kwamba mtaro wa maji ya mvua hautazibwa, njia ya gari itabaki wazi, ukuta hautasogezwa hadi barabarani, hapatafunguliwa baa katikati ya nyumba za kuishi, na kila mwenye kiwanja atachangia kifusi na taa. Wakaandika, wakasaini, wakachagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Baadaye katibu akahamishwa kikazi, mweka hazina akafariki, vikao vikakoma, na daftari likabaki kabatini kwa mtu. Viwanja vikauzwa, vingine mara mbili au tatu.

Sasa mambo yamebadilika. Mkataba wa kujenga reli ya kisasa kati ya Tabora na Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022, na tangu hapo mtu yeyote mwenye kiwanja kilichopimwa anajua kwamba ana mali mkononi. Wanunuzi wanakuja. Fremu za biashara zinajengwa kando ya kuta za nyumba. Wale wa zamani wakiona hivyo, wanakumbuka daftari.

Mimi ni mmoja wa wanaotaka makubaliano hayo yarudi, na nitaeleza kwa nini. Ila njia ambayo kamati nyingi zinaitamani, ya kuamka baada ya ukimya mrefu na kutangaza kwamba masharti hayakuwahi kufa, naipinga kabisa. Kisheria haisimami. Kwa ujirani inaumiza. Masharti yaliyokufa yanaweza kuishi tena, lakini kwa ridhaa ya watu waliopo leo na kwa maandishi ambayo mnunuzi wa kesho atayaona kabla hajatoa fedha.

Nianze na maji, kwa sababu ndiyo yanayofanya jambo hili kuwa kubwa hapa kwetu. Kigoma ni mji wa vilima vinavyoteremka hadi Ziwa Tanganyika. Mvua zinaanza karibu na Oktoba na kuendelea hadi Mei, na zikinyesha kwa nguvu kila tone linatafuta ziwa. Linapita kwenye kiwanja cha juu, kisha cha kati, kisha cha chini. Mtu wa juu akijenga ukuta wa tofali bila kuacha matundu, maji yanageuka na kumwingia jirani wa pembeni. Wa kati akifukia mtaro ili apate nafasi ya kuegesha gari, wa chini ndiye anayeamka usiku kuondoa magodoro sakafuni. Baada ya misimu kadhaa panachimbika korongo, na korongo likishakuwa korongo halizuiliwi kwa majembe ya watu wawili. Nyumba nyingi za mji huu zimepata nyufa za msingi kwa sababu ya jambo lililofanywa kwenye kiwanja cha mtu mwingine.

Mtaro wa aina hiyo mara nyingi haumo kwenye mchoro wa mipango miji. Mchoro unaonyesha barabara, viwanja, eneo la wazi, labda shule na soko. Ule mfereji mdogo unaopita nyuma ya viwanja kumi na kitu uliwekwa na majirani wenyewe walipoona maji yanapotaka kupita. Unalindwa na makubaliano yao tu. Makubaliano yakifa, na mtaro unakufa, kwa sababu mmoja tu akiuziba inatosha kuwaharibia wote. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaosema kwamba mambo ya vyama vya wenye viwanja ni ya matajiri wa Masaki wanaotaka mageti. Kwenye mteremko wa Kigoma, mwenye kipato kidogo aliyejenga chini ndiye anayeyahitaji zaidi.

Tatizo la kwanza la kamati zetu ni kuchanganya vitu vitatu ambavyo vina wenyewe tofauti. Kuna masharti yaliyomo ndani ya hati miliki. Kuna mpango wa mji. Halafu kuna makubaliano ya majirani. Mtu akisema "masharti yetu yamekufa" inabidi umuulize ni yapi, maana viwili vya kwanza havifi kwa sababu tu hakuna aliyevifuata.

Chukua hati. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ni ya umma, Rais ni mdhamini, na sisi tunamiliki haki ya kuitumia kwa muda usiozidi miaka 99. Haki hiyo inakuja na masharti: kulipa kodi ya pango la ardhi, kuendeleza kiwanja, kutunza mipaka na bikoni, na kutumia ardhi kwa kazi iliyoandikwa. Hati nyingi za viwanja vya mjini zinasema wazi kwamba matumizi ni makazi, Kundi A. Hayo ni makubaliano kati ya mmiliki na serikali. Mtu akiyavunja, Kamishna wa Ardhi anaweza kumtaka ajieleze, na mwishowe Rais anaweza kuifuta miliki hiyo kwa sababu za msingi, uvunjaji wa masharti ukiwa mojawapo. Ukimya wa majirani kwa miaka kumi haufuti hata mstari mmoja wa hati. Na anayetaka kubadili nyumba ya kuishi kuwa gesti au baa anatakiwa aombe kibali cha kubadili matumizi kwa mamlaka ya upangaji, ambayo hapa ni Manispaa, chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007.

Maana yake ni hii: ugomvi wa baa, ambao ndio unaowasha mikutano mingi, hauhitaji daftari la zamani kabisa. Unahitaji mtu aende ofisi ya ardhi akaulize kiwanja kile kimeandikwa matumizi gani na kama kibali cha kubadili kipo. Nimeshangaa mara nyingi kuona watu wazima wakirushiana maneno kuhusu saini za miaka ya tisini wakati jibu liko kwenye hati ya kiwanja chenyewe.

Kuna jambo la hati ambalo wengi hawalioni. Miliki nyingi zilitolewa kwa miaka 33. Iliyoanza mwaka 1992 ilifika ukomo 2025. Wenye hati kama hizo wanalazimika kuomba kuhuisha, na mmiliki anayehuisha anaingia kwenye muda mpya na masharti ambayo serikali inaweza kuyaandika upya. Kwa mtaa unaotaka kulinda mtaro au njia, huo ndio wakati wa kumwendea afisa ardhi kwa pamoja, badala ya kila mtu kwenda kivyake na kurudi na karatasi inayofanana na ile ya zamani.

Sasa tuje kwenye makubaliano ya majirani, yale yaliyokufa kweli. Kisheria ni mkataba. Mkataba unawafunga walioingia. Aliyenunua kiwanja mwaka 2018 kutoka kwa mtu aliyesaini mwaka 1995 hakuingia kwenye mkataba ule, na hakuna aliyemwonyesha daftari. Unamfungaje?

Waingereza waliligusa swali hili mwaka 1848, katika kesi ya Tulk dhidi ya Moxhay. Tulk aliuza bustani ya Leicester Square, London, kwa sharti kwamba ibaki bustani. Ikapita mikononi mwa watu mpaka ikamfikia Moxhay, ambaye hati yake haikuwa na sharti hilo lakini alijua kwamba lipo. Akataka kujenga. Mahakama ikamzuia, kwa hoja kwamba mtu anayenunua ardhi akijua ina ahadi hawezi kujifanya hajui. Mahakama zetu zilirithi kanuni za Kiingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, hivyo hoja hiyo si ngeni kwetu. Lakini tazama msingi wake wote umekaa wapi: mnunuzi alijua. Daftari lililofungiwa kabatini huko Katubuka halimjulishi mtu. Kamati inayotaka kuegemea kanuni hii italazimika kuthibitisha kwamba kila mnunuzi aliambiwa, na haitaweza.

Kuna jimbo la Marekani ambalo limepitia tatizo hili kwa kiwango kikubwa, nalo ni Florida. Mwaka 1963 jimbo hilo lilipitisha sheria ya kusafisha kumbukumbu za umiliki, ili anayenunua nyumba asilazimike kuchimbua nyaraka za karne nzima. Ikaweka miaka 30. Madai mengi ya zamani kuliko hapo, kama hayakusajiliwa upya, yanakoma. Shabaha ilikuwa nzuri, lakini iliwaangukia wenye nyumba ambao maeneo yao yaliendeshwa kwa masharti yaliyosajiliwa miaka ya sitini na sabini. Vyama vikaendelea kukusanya michango na kutoa amri, kisha siku moja mwanasheria wa mtu anawaambia kwamba masharti yao yalishayeyuka bila wao kujua.

Mwaka 2004 Bunge la jimbo likafungua njia ya kuyafufua, na njia hiyo inafaa kuangaliwa kwa makini. Wamiliki wasiopungua watatu wanaunda kamati ya maandalizi. Wanaandaa maandishi kamili ya masharti pamoja na ramani ya eneo, na kila mmiliki anayehusika anapelekewa siku 14 au zaidi kabla ya kuombwa ridhaa. Zaidi ya nusu ya wamiliki wakikubali, nyaraka zinapelekwa ndani ya siku 60 kwenye idara ya serikali ya jimbo, nayo ina siku 60 za kukubali au kukataa. Ikikubali, yanasajiliwa ndani ya siku 30 kwenye kumbukumbu za umma na kila mmiliki anapewa nakala. Na masharti yaliyofufuliwa hayaruhusiwi kuwa makali kuliko ya awali. Muda wake unaweza kuongezwa, na baadhi ya makatazo yanaweza kuachwa, ila huwezi kutumia ufufuo kupenyeza katazo ambalo halikuwepo.

Hicho cha mwisho ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Nimesoma rasimu za "masharti yaliyohuishwa" za mitaa yetu, na karibu kila moja ina kitu kipya kilichojificha katikati ya vya zamani. Faini ambayo haikuwepo, katazo la kupangisha vyumba, katazo la kufuga kuku. Wanaoiandaa wanaiita kurudisha, wakati wanachofanya ni kuongeza. Mwenye kiwanja anaposikia "yale yale ya zamani" anasaini kwa imani, halafu anajikuta amejifunga kwa jambo ambalo hakuwahi kulijadili. Kama mtaa unataka sharti jipya, uliseme kwamba ni jipya na ulipigie kura peke yake.

Lakini kuna kipande cha Florida ambacho hatuwezi kukibeba. Kule, zaidi ya nusu wakikubali na nyaraka zikasajiliwa, hata aliyekataa anafungwa, kwa sababu sheria ya jimbo imesema hivyo. Sisi hatuna sheria inayowapa majirani mamlaka hayo juu ya kiwanja cha mtu. Tuna Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo, inayowaunganisha wenye nyumba ndani ya jengo moja katika umoja wa lazima, lakini hiyo ni ya maghorofa. Wenye viwanja vilivyotawanyika kilimani hawamo. Serikali ya mtaa nayo haina uwezo wa kutunga sheria ndogo. Halmashauri ya kijiji inao, mtaa hauna, na kwa mjini kazi hiyo ni ya Manispaa. Kwa hiyo mkutano wa mtaa unaoinua mikono na kusema "imepita" umepitisha nia njema, na aliyenyamaza kwenye kona bado yuko huru.

Wapo watakaosema hilo ni pengo la kujazwa na Bunge. Nakubali kwamba ni pengo. Sikubali kwamba tusubiri.

Kabla ya kusema tufanye nini, lazima niseme yapi yaachwe kaburini. Historia ya masharti ya ardhi ina ukurasa mchafu. Marekani hiyo hiyo ilikuwa na maelfu ya nyumba zenye sharti kwamba zisiuzwe kwa mtu mweusi, mpaka Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilipoamua mwaka 1948, katika kesi ya Shelley dhidi ya Kraemer, kwamba mahakama haziwezi kutumika kutekeleza masharti ya namna hiyo. Kwetu hakukuwa na haja ya majirani kuandikiana, kwa sababu utawala wa kikoloni ulichora wenyewe: Uzunguni kwa Wazungu, Uhindini kwa Wahindi, Waafrika pembeni, kila eneo na kiwango chake cha ujenzi. Michoro hiyo bado inasomeka kwenye umbo la miji yetu, Kigoma na Tabora zikiwemo.

Nimesikia mapendekezo, yakitolewa na watu wenye heshima zao, kwamba masharti mapya yazuie kuuza au kupangisha kwa "watu wa kuja". Katika mkoa unaopakana na Burundi na unaotazamana na Kongo ng'ambo ya ziwa, mkoa uliopokea wakimbizi kwa miongo mingi, kila mtu anaelewa maneno hayo yanamlenga nani. Na mtu wa Kigoma, ambaye mara ngapi ameulizwa uraia wake akiwa safarini ndani ya nchi yake mwenyewe, alipaswa kuwa wa mwisho kumfanyia hivyo jirani. Kipimo changu ni chepesi. Sharti linalohusu kinachofanyika juu ya ardhi, kama maji, moshi, kelele, njia na mpaka, lina sababu ya kuwepo. Sharti linalohusu mtu ni nani, ametoka wapi, anasali wapi au ana mume au hana, lisirudi kwa namna yoyote.

Kuna kundi jingine linalohitaji kulindwa, na hapa ndipo ninapotofautiana na rafiki zangu wengi wa upande wa "turudishe". Ni wale waliojenga wakati wa ukimya. Fikiria mama aliyefiwa na mume, akatumia akiba iliyobaki kujenga fremu tatu mbele ya nyumba, akapangisha moja kwa fundi cherehani, moja kwa muuza vocha, moja kwa muuza dagaa. Alipojenga hakukuwa na umoja, hakukuwa na kikao, na mwenyekiti wa zamani alikuwa akipita hapo kila siku na kumsalimia. Kodi ya fremu ndiyo inayolipa ada za watoto. Leo umuite mbele ya kamati umwambie amevunja masharti ya 1995?

Kama hati yake inasema makazi, ana suala la kumalizana na Manispaa kuhusu kibali cha matumizi, na ni vyema asaidiwe kulimaliza. Hilo ni kati yake na mamlaka. Lakini kwa majirani waliokaa kimya akijenga, msimamo wa haki ni mmoja: makubaliano mapya yaanze siku yanaposainiwa na yasirudi nyuma. Kilichokuwepo kibaki kama kilivyo, kwa ukubwa ule ule. Fremu tatu zisigeuke sita. Siku nyumba itakapobomolewa au kuuzwa, hapo sharti jipya linaweza kuanza kufanya kazi kwenye kiwanja hicho, mradi mwenyewe alikubali hivyo kwa maandishi.

Vivyo hivyo michango. Kamati moja baada ya nyingine inapenda kuanza kwa kukokotoa malimbikizo: huyu anadaiwa miaka kumi na miwili, yule kumi na saba. Achaneni nayo. Sheria yetu ya ukomo wa madai inaweka miaka sita ya kudai deni la mkataba, na umoja ambao haukuwa unatoa huduma yoyote una msingi dhaifu sana wa kudai hata hiyo sita. Zaidi ya hapo, umoja wenyewe unaweza kuwa haupo. Kama ulisajiliwa chini ya Sheria ya Jumuiya kwa Msajili aliye Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, ulitakiwa kulipa ada ya mwaka na kupeleka taarifa, na usiofanya hivyo uko hatarini kufutwa kwenye daftari la Msajili. Kama haukusajiliwa, hauna hata jina la kushitakia. Jambo la kwanza kwa kamati yoyote ni kuthibitisha kwa Msajili kama bado ni hai, kabla haijamwandikia mtu barua yenye neno "deni".

Basi tufanyeje bila sheria ya Florida? Nadhani jibu ni kuacha kulitaka daftari moja libebe kila kitu. Baa na gesti zipelekwe kwenye masharti ya hati na mipango miji. Umbali wa ukuta kutoka barabarani upelekwe kwenye vibali vya ujenzi vya Manispaa. Michango ya kifusi na taa iwe ya wanachama wa umoja mpya, watu walioingia kwa hiari, na thamani yake ionekane kwa kazi. Jirani akiona taa inawaka atajiunga. Ukishaondoa hayo, kwenye daftari kunabaki mambo mawili makubwa, mtaro na njia, na kwa haya Sheria ya Ardhi ina chombo ambacho mitaa yetu haikitumii.

Sheria hiyo inaruhusu mmiliki wa kiwanja kimoja kumpa mmiliki wa kiwanja kingine haki juu ya ardhi yake: haki ya kupita, haki ya kupitisha maji, hata haki kwamba jambo fulani lisifanyike pale. Inaandikwa, inasainiwa, inasajiliwa kwa Msajili wa Hati, na kuanzia hapo inakaa na kiwanja. Mwenye kiwanja akifa au akiuza, haki inabaki, na mnunuzi anayefanya upekuzi kwa Msajili anaikuta. Hilo ndilo daftari la kabatini halikuweza kufanya kwa miaka yote ile. Ridhaa inatakiwa ya kila anayepitiwa, na wingi wa wengine hausaidii. Ndiyo, ni kazi ngumu. Mtaro unaopita viwanja kumi na viwili unahitaji nyumba kumi na mbili zikubali.

Ugumu wake wa kweli siyo ubishi wa watu. Ni nani wa kusaini. Kiwanja cha kwanza mmiliki alifariki na mirathi haijafunguliwa. Hapo mtoto mkubwa hana uwezo wa kusaini chochote mpaka msimamizi wa mirathi ateuliwe na mahakama. Kiwanja cha pili ni nyumba ya ndoa, jina la mume ndilo liko kwenye hati, na kamati inamsainisha yeye peke yake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamlinda mwenza kuhusu nyumba ya familia, na saini ya mmoja ni mlango wa kesi. Mama ndiye anayeujua mtaro kuliko mtu yeyote, kwa kuwa ndiye anayeuzibua, na bado hakuitwa kwenye kikao. Kiwanja cha tatu mwenyewe ana barua ya toleo tu, ile ya kupewa kiwanja, hakuwahi kumalizia hati. Huyo hawezi kusajili haki juu ya kitu ambacho chenyewe hakijasajiliwa. Kamati yenye busara itaanza kwa kuwasaidia watu hawa watatu kumaliza mambo yao. Itachukua mwaka au zaidi, na manufaa yake yatawafikia hata kama mtaro hautachimbwa.

Atakayekataa, aendewe kwa upole. Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha bila kutoa hukumu, ni mahali pazuri pa kukaa naye. Mara nyingi anayekataa ana sababu: mtaro unapita karibu mno na msingi wake, au mtu wa juu yake amekataa kujenga sehemu yake kwa mawe. Sababu hiyo ikishughulikiwa anakubali. Asipokubali na maji yake yanaharibu nyumba ya mwingine, kuna Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na hapo hoja itakuwa madhara yanayoonekana leo. Makubaliano ya 1995 hayatahitajika hata kutajwa.

Mnunuzi naye asisahauliwe. Mauziano mengi ya viwanja mjini hapa hupitia ofisi ya serikali ya mtaa, ambako muuzaji na mnunuzi huandikishana mbele ya mashahidi, hata kabla ya taratibu za uhamisho kwa afisa ardhi. Mtendaji wa mtaa apewe nakala ya makubaliano mapya, na iwe desturi kwamba mnunuzi anasomewa na kusaini kwamba ameyaona. Hiyo haigharimu kitu. Na karatasi yenyewe iwe fupi, kurasa mbili au tatu, iwe na tarehe ya kuanza, tarehe ya kupitiwa upya baada ya miaka kumi, na iseme ni cheo gani kinachoitunza, siyo jina la mtu.

Kwa mitaa inayojiuliza ianze na lipi mwaka huu, ningechagua mtaro mmoja, ule unaosumbua zaidi, na kuwaita wale tu ambao maji yanapita kwao, waume kwa wake, pamoja na mpima wa Manispaa wa kuonyesha mipaka. Wengine wote na ajenda zao nyingine wasubiri kikao kingine. Watu hao wakisaini Agosti, Septemba wanachimba, na Oktoba mvua inawakuta tayari.